Uzoefu wangu: kupimiwa kisima Jambiani kabla ya kununua pampu kubwa

Kisima cha nyumba yetu ya wageni kilianza kusuasua, na kila fundi aliyekuja wimbo wake ulikuwa pampu kubwa. Mimi nikaita watu wa kupima wingi wa maji. Nimeridhika, ingawa si kwa yote.

Walianza kwa kupima kina na kusubiri, maana huku pwani maji ya kisima hupanda na kushuka na bahari, tena lilikuwa bamvua. Kisha wakavuta kwa hatua tatu, ndoo ya lita 20 mkononi na saa ya simu. Kwa lita 1,500 kwa saa, maji yalishuka sentimita 60. Kwa 3,000, sentimita 200. Kwa 4,500, ndoo ikijaa kwa sekunde 16, sentimita 420. Mwamba ungekuwa ndio wenye kasoro, kuvuta mara mbili kungeshusha maji kiasi cha mara mbili. Yetu yalishuka mara tatu na ushei: maji yapo, yanakabwa mlangoni, kwenye matundu ya bomba na changarawe iliyolizunguka. Pampu ilipozimwa, sehemu kubwa ya maji ilirudi juu palepale.

Wahandisi wa mafuta nao hupima hivyohivyo kwa njia yao. Hufunga kisima, wakafuatilia presha inavyopanda chini kule, na tangu miaka ya 1950 huitolea hesabu hali ya mwamba ulio jirani na shimo. Namba ikiwa chanya, pameziba. Ikiwa hasi, mafuta yanapita kwa wepesi kuliko kawaida, mfano baada ya kutia asidi.

Sisi pia tulitiwa asidi, kisha hewa ya kompresa. Ukatoka uji mweupe wa chokaa, unanuka, mpaka maji yakatakata. Wakapima tena: lita 4,500 zilezile, sentimita 150 tu. Pampu ni ileile ya zamani. Hiyo kubwa ingeshusha maji zaidi na kuvuta chumvi kutoka chini, kwa sababu maji matamu ya huku yameelea juu ya maji ya bahari.

Kilichoniudhi: hawakupima chumvi kila hatua, eti haimo kwenye bei. Kisima cha pwani kinapimwaje bila chumvi? Ukiwaita, hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla hujatoa malipo ya kwanza.