Ujerumani au Uingereza: pesa za harambee ziende wapi?

Mpwa wangu wa Kondele amepata nafasi mbili za shahada ya uzamili, na daftari la harambee liko mezani.

Uingereza kuna karo, maelfu ya pauni kwa mwanafunzi mgeni. Juu yake kuna ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, inayolipwa kabla viza haijatoka. Pesa za kujikimu nazo lazima zikae benki siku 28 mfululizo. Shangazi akichomoa za mbolea na salio lishuke chini ya kiwango, mnaanza kuhesabu upya.

Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi karo, ingawa Baden-Württemberg hutoza yuro 1,500 kwa muhula. Mzigo ni akaunti maalumu ya kufungia pesa: tangu Septemba 2024, yuro 11,904 kwa mpigo. Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Lakini pesa hizo hubaki zake. Akifika anapokea 992 kila mwezi, za kodi ya nyumba na chakula.

Kozi ya Uingereza mara nyingi huisha kwa mwaka mmoja, kweli. Bado ningemwambia aende Ujerumani, mradi harambee ianze sasa, isingoje wiki ya miadi ya ubalozini.