Madaktari wazuri, ila mlango wa dharura umepigwa kufuli!

Naandika nikiwa bado na hasira jamani. Juzi kati hapa mama yangu alilazwa hospitali moja binafsi hapa Dar, tatizo la nyonga, akafanyiwa operesheni, na ukweli niuseme daktari yuko vizuri sana, manesi wa zamu ya usiku Mungu awabariki, wodi safi. Kwa hayo peke yake ningewapa nyota nne.

Sasa mwisho wa korido, ghorofa ya tatu, kuna mlango wa dharura. Kibao cha kijani cha mtu anakimbia kinawaka juu yake, halafu mlango wenyewe umefungwa mnyororo na kufuli kubwa kama la godauni. Pembeni mitungi ya oksijeni imeegeshwa tu ukutani, wakati mnyororo ulitakiwa uwe huko kwenye mitungi!

Nikamuuliza mlinzi, kaka samahani, moto ukitokea ufunguo uko wapi? Akanitazama juu mpaka chini. "Dada, wewe mkaguzi? Kauguze mgonjwa wako." Nikarudia kwa upole, ndo akanijibu ufunguo anao msimamizi, na msimamizi jioni anaondoka nao, eti wanafunga kwa sababu wagonjwa wanatoroka bila kulipa bili. Bili!! Mama yangu hata kugeuka kitandani anageuzwa, lifti moto ukiwaka haipandwi, ngazi inayobaki ni moja, tena iko upande wa pili, huyu mama nitampitisha wapi?

Na hospitalini si lazima moto wenyewe ukufikie, moshi unatosha. Kolkata kule India, Desemba 2011, moto ulianzia chini kabisa ya hospitali ya AMRI, moshi ukapanda wodini, wakafa watu karibu 90, wengi wao wagonjwa waliokosa hewa vitandani, na majirani waliokimbilia kusaidia walisema walinzi waliwafukuza getini. Nilivyojibiwa na yule mlinzi nikaikumbuka hiyo, usingizi ukakata.

Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tunayo tangu 2003, OSHA, wakala wa serikali wanaoisimamia, wapo, Zimamoto wapo, na pale mapokezi vyeti vimetundikwa kwenye fremu, sasa siku ya ukaguzi huo mlango unafunguliwa au inakuwaje?

Nikaenda kwa matroni, akanisikiliza vizuri, akaniomba radhi, na kesho yake kufuli halipo. Nikasema basi, hawa waungwana, nyota zao nne wapewe. Siku mama anaruhusiwa napita pale, kufuli limerudi palepale, na mlinzi yuleyule kakaa kwenye kiti chake.

Kliniki nitampeleka kwa sababu ya daktari, mchana, tukimaliza tunatoka. Kulala pale tena hapana, mpaka niusukume ule mlango kwa mkono wangu ufunguke. Nawapa nyota moja, na hiyo ni ya manesi. Na wewe mwenye mgonjwa pale sasa hivi, nenda kautazame, ukikuta kufuli kadai lifunguliwe leo leo, na namba ya Zimamoto ni 114.