XRF ya mkononi kwa tope la bandari za makinikia: inafaa wapi, inadanganya wapi

XRF ya mkononi ni bunduki ya eksirei inayotambua metali zilizo ndani ya sampuli; imezoeleka migodini na kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na siku hizi inauzwa pia kwa kazi za mazingira. Kwa tope la gati linalopakia makinikia (unga wa madini ya metali kabla ya kuyeyushwa) inafaa sana, ila kwa metali tatu: risasi, shaba na zinki. Muuzaji akikukunjulia orodha ya elementi thelathini, usibabaike nayo.

Tazama viwango. Vigezo vya Marekani vinavyotumiwa sana kwa tope la baharini huhesabu madhara kwa viumbe kuanzia miligramu 46.7 za risasi kwa kilo, 34 za shaba na 150 za zinki. Mashine nzuri huona metali hizo kuanzia miligramu 10 hadi 20 hivi kwa kilo, kwa hiyo nafasi ipo. Kadimiamu kigezo chake ni 1.2 na zebaki 0.15. Hapo mashine ni kipofu, na anayeandika "hakuna" kwa sababu kioo kimeandika "haikuonekana" anapotosha ripoti nzima. Aseniki nayo mstari wake wa eksirei, ambao mashine huutambulia, umelaliana na wa risasi. Risasi ikiwa nyingi, namba ya aseniki iache.

Kinachoharibu vipimo zaidi ni maji. Tope bichi likiwa nusu maji, usomaji hushuka kwa nusu au zaidi, na gati chafu huonekana safi. Chota sentimita 2 za juu, kausha kwa nyuzi 105 usiku kucha (sehemu ya kupimwa zebaki iende maabara bila kuokwa), saga, chekecha kwa mikromita 63, kisha jaza kikombe angalau sentimita 1 na kukifunika kwa utando mwembamba wa polipropilini. Pima sekunde 60 au zaidi, kikombe kikiwa kwenye stendi, kamwe si mkononi. Chekecheke iwe ya nailoni: zile za shaba ya njano zilizojaa maabara huacha shaba na zinki kwenye sampuli. Jihadhari pia na magamba ya rangi ya meli. Gamba moja dogo lina shaba ya kupandisha namba ghafla, bila makinikia yoyote kumwagika. Rudia kikombe cha pili kabla ya kumnyooshea mtu kidole.

Angalau sampuli moja kati ya 20 ipelekwe maabara kulinganishwa.

Maji, mashine hii haiyapimi kabisa. Huko bandari ya Esperance, Australia Magharibi, vumbi la kaboneti ya risasi liliua maelfu ya ndege kati ya Desemba 2006 na Machi 2007, na risasi ikakutwa hadi kwenye matangi ya maji ya mvua majumbani. Kwa maji ya kunywa WHO inataja mikrogramu 10 kwa lita. Hiyo ni kazi ya maabara. Vumbi la paa na mitaro, XRF inaliweza.

Mashine mpya ni makumi ya maelfu ya dola, na kibali cha mionzi ni lazima, kutoka kwa wadhibiti wa mionzi: TAEC kwa Tanzania, KNRA kwa Kenya. Zilizotumika ni nafuu, lakini nyingi zimetoka kwa wafanyabiashara wa chakavu zikiwa na programu ya aloi (metali zilizochanganywa) pekee, ambayo kwa tope hutoa namba za ovyo. Kabla ya kulipa, dai uoneshwe programu ya udongo ikisoma sampuli rejea yenye cheti cha viwango vyake, na risasi isipishane na cheti kwa zaidi ya asilimia 20.