Kozi ya ratiba isiyojua bamvua: uzoefu wangu Lamu

Nilikuwa karani wa stoo tu, hadi msimamizi alipoacha kazi na mwenye nyumba akaniambia, "Haya kijana, shika wewe." Kazi yenyewe ni kukarabati nyumba ya mawe ya zamani huku Mkomani iwe ya wageni. Mwezi wa kwanza mafundi wanne walikaa barazani siku mbili wakipiga soga, nami nawalipa. Mchanga ulikuwa mashuani, na mashua imelala topeni, maji yamekupwa.

Ndipo nikalipia kozi ya kupanga miradi kwenye intaneti, shilingi 4,500, wiki sita. Wiki mbili za mwanzo ni porojo za sifa za kiongozi bora, zirukeni. Wiki ya tatu ndiyo iliyorudisha pesa yangu. Unauvunja mradi vipande, kila kipande unakiuliza: unamsubiri nani, na nani anakusubiri? Halafu unatafuta ule mlolongo ambao kazi moja ikichelewa siku, mradi wote umechelewa siku. Mbinu yenyewe ni ya zamani, ya DuPont na Remington Rand huko Marekani, miaka ya 1950. Nilipochora wangu nikaona aibu. Kila asubuhi nilikuwa namkimbiza seremala wa milango, kumbe milango ina wiki tatu za kupumua, ikichelewa haizuii kitu! Kilichobana ni lipu ya chokaa: tabaka la kwanza lisiposhika, la pili halipandi, hata ulete mafundi kumi.

Lakini nawapa nyota tatu tu. Mifano yao yote ni ya malori, na kalenda yao ni Jumatatu hadi Ijumaa, basi. Hapa mzigo huja kwa mashua, kisha punda vichochoroni, na maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku. Nilimwandikia mwalimu, baada ya siku nne akajibu, "Ongeza siku za akiba." Za nini, hakusema.

Jibu nililipata kwa nahodha, gatini: "Mwanangu, mzigo mzito usiuagize maji mafu, chombo hakifiki. Ngoja bamvua." Maji mafu ni zile siku maji yanapojaa kidogo tu, bamvua ni siku yanapojaa sana. Nikafungua kalenda ya pili kwenye programu, ya mashua peke yake, na nyingine ya siku za Maulidi.

Siku hizi nahodha ndiye wa kwanza kutumiwa ratiba. Ya juzi ameirudisha, siku mbili kazikata kwa kalamu nyekundu.