Wazoa taka wa mtaani kwetu Kadutu: nyota tatu

Fundi nguo ana habari gani na takataka? Muulize pasi yake. Umeme wa mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunautegemea Ruzizi I, bwawa la tangu miaka ya 1950, pale maji ya ziwa Kivu yanapotokea kuwa mto. Chupa na mifuko tunayotupa huku Kadutu hushuka na mvua, huingia mferejini, hufika mto Kawa, kisha ziwani, na mwisho hujazana mbele ya mitambo. Mitambo ikiziba, umeme unapungua, nami narudi kwenye pasi ya makaa huku mwenye harusi amesimama mlangoni anauliza gauni.

Ndiyo maana nilijiandikisha kwa vijana hawa. Franka elfu tano kwa mwezi, na gunia wanakuletea wenyewe. Wanapita Jumatano na Jumamosi kabla sijafungua ateliye. Ngazi za kwetu ni za udongo, mvua ikinyesha hata mbuzi hazitaki, lakini kijana anapanda, anatwika gunia kichwani, anashuka. Risiti wanatoa bila kudaiwa. Vipande vyangu vya vitenge wanavitenga kando, maana kuna mama anavijazia mito. Kwa kazi hiyo wangepata nyota tano zote.

Mbili nimezikata kwa kinachofuata. Niliwafuata nione gunia langu linaishia wapi. Linaishia kando ya barabara, kwenye rundo linalosubiri lori. Lori likichelewa na mvua ikawahi, taka za aliyelipa na za asiyelipa zinateremka pamoja. Na sisi kwenye salongo, kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, ni yale yale: tunachimbua mfereji, matope meusi yenye chupa na ndala moja moja tunayalundika ukingoni, tunanawa mikono, tunaenda zetu. Hakuna anayekuja kuyabeba. Mvua mbili tu, yamerudi ndani.

Lori si la vijana, najua. Sheria ya 2008 ya madaraka ya mitaa imeipa komini, yaani serikali ya hapa Kadutu, bajeti yake, na usafi na mifereji ni kazi yake. Ushuru wa soko tunautoa kila siku, hakuna anayetusahau! Basi sehemu ya ushuru huo iwe mafuta ya lori, na siku ya lori ibandikwe pale sokoni kwa maandishi makubwa, ili lisipokuja tujue wa kuuliza. Kila mwaka tunaahidiwa mifereji mipya. Mimi ningeridhika na hii ya zamani ikizibuliwa na matope yake yakaondoka siku hiyo hiyo.

Ukitaka kujiunga, lipa mwezi mmoja mmoja, usilipe mwaka mzima. Na jivu la mbabula, jiko la makaa, liache lipoe kwanza; jirani yangu alilitia la moto, gunia likatoboka ngazini na taka zote zikamwagikia mlangoni kwangu.