Kutafuta ukoo: kipimo cha DNA au nyaraka na wazee?

Kipimo cha DNA kinachotumia mate kinakupa kitu ambacho karatasi haziwezi: ndugu wa damu aliye hai. Mtu aliyelelewa na familia nyingine tangu utotoni, au asiyemjua baba yake, anaweza kumpata binamu bila kuwa na jina lolote la kuanzia. Hapo nyaraka hazifui dafu. Asilimia za asili yako, hata hivyo, ni makisio. Hutegemea watu waliomo kwenye hifadhidata ya kampuni, na hubadilika inapokua.

Tatizo ni kwamba DNA hiyo si yako peke yako. Takriban nusu yake unayo sawa na mzazi, mtoto au ndugu yako, na wao hawakuulizwa. Mwaka 2018 polisi wa California walimnasa Joseph DeAngelo, muuaji wa miaka mingi, kupitia ndugu zake wa mbali waliokuwa kwenye GEDmatch, tovuti ambako watu hulinganisha DNA zao. Hilo lilikuwa jema. Lakini mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za watu takriban milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya vipimo vya DNA, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika. Nenosiri utabadilisha, jeni huwezi.

Rekodi za ubatizo, ndoa na vifo ni kazi ya polepole, na hukwama maandishi yanapokoma. Ila pamoja na simulizi za wazee zinakupa majina na sababu za kuhama, na msimulizi huchagua la kusema. Mimi ningeanza hapo, maana wazee hawatungoji. Kipimo ningekiacha kwa swali la uzazi lisilojibika vinginevyo, nikishazungumza na ndugu zangu, na ningeomba sampuli iharibiwe matokeo yakitoka.