Pakiti ya mbegu za bustani ya nyumbani, baada ya msimu mmoja

Nilinunua pakiti hii ya mbegu za mboga wakati kipato cha nyumbani kilipopungua, na kwa sehemu kubwa imenifaa. Figili zilikuwa tayari kabla ya siku 30 kutimia, ilhali spinachi, kwa kuwa tulichuma majani ya nje tu na kuyaacha machanga ya katikati, iliendelea kuchipua na kutupatia kitoweo kwa wiki kadhaa bila kupanda upya. Lawama yangu ni juu ya karoti: maelezo yanaelekeza zioteshwe kitaluni kisha zihamishwe, jambo linaloharibu mzizi mkuu, nami nilipozing'oa nilikuta vidole vitatu vilivyosokotana (vililika, lakini kuvimenya kulikuwa adhabu). Karoti hupandwa moja kwa moja tutani.